Mpira wa Milimita 100: Shajara ya Reli za Nyumba Yetu ya Riat

Jumamosi, 11 Januari 2025

Nyumba ina paa, ina madirisha, na tangu juzi ina stima. Haina kitu hata kimoja cha kumzuia mtu asianguke. Ngazi ni zege tupu, vidato 17: tisa hadi kituo cha katikati, nane kutoka hapo kwenda juu. Juu ya sebule kuna dari tuliloliacha wazi upande mmoja ili watoto wasomee huko. Ukisimama ukingoni na kutazama makochi chini, magoti yanalegea. Nyuma ya nyumba kiwanja kinateremka kama viwanja vyote vya vilima hivi vya Riat, na hapo tutajenga baraza la mbao. Upande wa jikoni litalingana na ardhi, upande unaotazama ziwa litakuwa mita 1.4 hewani.

Kwa hesabu yangu ni mita 6 za ngazi, mita 3.2 za dari na mita 9 za baraza. Tumetenga shilingi 180,000. Mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo hakuna mahali pengine pa kuchota.

Ukitaja reli hapa Kisumu, wazee hufikiria garimoshi, lililofika mwaka 1901 mji ukiitwa Port Florence. Katika daftari hili reli ni vile vizuizi vya pembeni mwa ngazi na roshani, pamoja na ule mkono wa juu ambao mtu anaushika akipanda.

Watakaozitumia ni hawa. Mama yangu, miaka 74, anahamia kwetu mwezi wa nne na goti lake la kulia halimtii tena. Kitinda mimba wetu, miaka mitatu, akiona kabati huona ngazi. Sisi wengine tungeishi hata na kamba. Baba watoto anataka kioo. Ameona picha.

Jumapili, 19 Januari

Nimeshinda sokoni Kibuye, na miguu yote imejaa vumbi. Nimeuliza bei kwa mafundi wanne na nimerudi na kichwa kinachouma na mambo matatu ya kuandika.

Bei kwanza. Chuma cha kawaida chenye fimbo za kusimama, kikiwa kimechomelewa na kufungwa, ni shilingi 4,500 kwa mita. Stenlesi ya mabomba ya kulala ni 8,500. Kioo kigumu cha milimita 12 na vishikizo vyake ni 22,000, ambazo kwa mita zetu zote zinapita laki nne. Baba watoto amenyamaza kwa muda.

Zile balasta, yaani vijiguzo vya reli vya zege vyenye matumbo, ambazo zamani kila nyumba ya ghorofa ya kwetu ilikuwa nazo, bado zipo. Nilijaribu kuinua moja nikairudisha polepole. Zaidi ya uzito kuna kitu ambacho sikuwahi kukitazama: matumbo yake yanakaribiana lakini shingo ziko mbalimbali. Anayepima kwenye tumbo anajidanganya, kwa sababu mtoto atapita shingoni.

La pili ni sumaku. Muuzaji wa stenlesi aliibandika kwenye bomba, ikaanguka. Akasema, "Umeona mwalimu? Haishiki. Hii ni 304 halisi." Nilitikisa kichwa kwa heshima. Tatizo ni kwamba 304, daraja zuri la stenlesi, haishiki sumaku, na 201, daraja la chini yake, pia haishiki. Daraja la 201 limepunguziwa nikeli na kuongezewa manganizi ili liwe rahisi, na kutu hulipata mapema. Zaidi ya hapo, bomba la 304 lililokunjwa likiwa baridi linaweza kuvuta sumaku kidogo pale kwenye kona. Kwa hiyo sumaku inaweza kuikataa nzuri na kuipitisha mbaya. Kinachotenganisha hizo mbili ni matone ya dawa ya kupimia, na aliye na dawa hiyo sikumwona leo.

La tatu nililiona kwa macho bila kuambiwa. Banda moja linakata chuma cha kawaida kwa grinda, na pembeni stenlesi mpya imelazwa ikisubiri mwenyewe. Cheche zote zinaiangukia. Zile punje za chuma hujishikiza juu yake, mvua ikija zinaota kutu, na mwenye nyumba anamlaumu aliyemuuzia bomba.

Jumamosi, 25 Januari

Shemeji amepiga simu kutoka Mombasa: "Msikubali chochote chini ya 316." Kwake ana haki. Daraja la 316 lina molibdeni, inayosaidia kupambana na chumvi ya hewa ya bahari. Ila ziwa letu ni la maji baridi. Hapa 304 ya kweli inatosha hata nje, na kulipia 316 ni kununua mwavuli wa mvua isiyonyesha. Nimemshukuru na kumuuliza hali ya watoto.

Jumamosi, 1 Februari

Leo tumetengeneza chombo cha kupimia.

Kanuni inayofuatwa Uingereza na kwingineko ni kwamba mpira wenye kipenyo cha milimita 100 usipite popote kwenye reli ya nyumba ambayo watoto wanaweza kufika. Marekani wanasema inchi 4, ambazo ni karibu yale yale, ingawa kwenye ngazi wanaruhusu hadi inchi 4 na robo tatu ya nusu. Nimeandika hivyo kumchokoza kifungua mimba wangu. Ni inchi 4 na tatu kwa nane, milimita 111. Ile pembetatu inayobaki kati ya kidato na bomba la chini wanaiachia inchi 6.

Sababu yake inatisha kuliko namba yenyewe. Mtoto mdogo mwili wake hupita mahali ambapo kichwa hakipiti. Akitanguliza miguu, anateleza hadi shingoni, na hapo ananing'inia.

Fundi mmoja alinishauri nitumie kipande cha paipu ya maji taka ya inchi 4. Nimeipima nje: milimita 110. Ikikataa kupita bado nafasi inaweza kuwa 105. Haifai. Basi kifungua mimba, miaka 11, akaketi na mifuko mikuukuu na kamba ya katani, akafunga mpira wa makaratasi kama ule wa kuchezea njiani. Kila mara aliupitisha kati ya matofali mawili niliyoyaachanisha milimita 100 kamili, hadi ukagusa pande zote mbili. Ni mzito, mgumu, na hauruki hata kidogo. Ndugu zake wameucheka sana.

Tumeutembeza. Nyumba tunayopanga sasa, ambako tumekaa miaka sita, umepita kwenye roshani bila kugusa upande wowote. Nilisimama pale kwa dakika nzima nikiuangalia umelala upande wa pili. Kwa jirani mwenye mabomba matatu ya stenlesi ya kulala umeingia kama bao. Kwa mwingine aliyevuta kamba za chuma kati ya nguzo, nafasi ilikuwa milimita 90 kwa rula. Mwanangu akatenganisha kamba mbili kwa vidole, kama mtu anayechungulia pazia, mpira ukapita. Kamba hizo zinataka kukazwa sana na nguzo nene zisizopinda, tena kila baada ya muda zikazwe upya. Nani atakumbuka?

Na haya mabomba ya kulala, hata yakikaribiana vipi, yana dosari nyingine. Nilimweka kitinda mimba mbele ya reli ya jirani. Hakuuliza swali. Mguu kwenye bomba la kwanza, mguu kwenye la pili, kidevu kikawa juu ya mkono wa reli. Sekunde nne. Kwetu fimbo zitasimama, na mtindo wa mji utusamehe.

Jumamosi, 8 Februari

Mama amekuja kutoka Bondo kwa siku mbili, nami nimemgeuza mtihani.

Niliazima vipande vitatu: bomba la inchi 2, bomba la inchi moja na nusu, na mbao bapa ya inchi 2 kwa 4 ambayo maseremala wengi huilaza juu ya reli na kuiita mkono. Nikamwomba ashike kila kimoja kama anataka kuanguka.

Inchi 2 ndiyo inayouzwa kila mahali. Vidole vyake havikukutana na gumba. "Hii ni ya mtu wa kuvuta nyavu," akasema. Ile mbao bapa aliiegemeza kiganja tu, hakuishika. Vidole vilibaki juu kama mtu anayepapasa meza gizani. Ukiteleza, kiganja kinateleza nawe. Kwenye inchi moja na nusu mkono ulijifunga wenyewe. Hakusema kitu mwanzoni. Aliuzungusha ndani ya ngumi, kisha akacheka: "Huu ni mpini wa jembe."

Kumbe miaka yote hamsini ya kulima alikuwa anajipimia reli. Wamarekani wanaoandika sheria wanakubali mkono wa mviringo wenye kipenyo kati ya milimita 32 na 51. Mama ameingia mle ndani bila kusoma. Nimepima mpini wa jembe lake lililoko kwetu: milimita 39 pale panapolainika. Tutatengeneza hivyo.

Ametupa mengine mawili bila kukusudia. Nilimpandisha ngazi nikiwa nimemshika. Akipanda, mkono wa kulia unatafuta pa kushika. Akishuka, ule ule wa kulia unatafuta tena, lakini sasa uko upande wa ukutani. Kwa hiyo mkono mmoja hautoshi. Ukutani nako tutaweka wa pili, ukiwa umeachana na plasta milimita 50 ili vifundo vya vidole visichubuke. Na alipofika kidato cha mwisho alipapasa hewa kutafuta kama kimebaki kingine. Mkono utaendelea sentimita 30 baada ya kidato cha mwisho. Ukiisha, miguu ijue iko sakafuni.

Tena uwe wa mbao. Saa nane mchana jua linaingia kwa dirisha la kituo cha ngazi na kukaa pale kama mgeni. Nimeshika chuma kilichokaa pale jana. Sitamfanyia mama hivyo.

Jumamosi, 15 Februari

Tumekubaliana na fundi wa kuchomelea. Ndani: chuma cha kawaida, nguzo za mraba za milimita 40 zenye unene wa milimita 2, fimbo za mraba za milimita 16, na mkono wa mvule juu. Niliuliza kuhusu mabomba yaliyopakwa zinki. Akasema anaweza, ila moshi wa zinki ikiungua humletea homa usiku, na dawa yake ni pakiti ya maziwa kabla ya kazi. Maziwa ni mazuri lakini hayafiki kwenye mapafu. Ndani mvua hainyeshi; chuma cha kawaida na praima ya kuzuia kutu vitatosha, na yeye alale vizuri.

Ubishi ulikuwa kwenye fimbo. Yeye alitaka mbili kwa kila kidato, kwa sababu ndivyo anavyofanya na inapendeza macho. Kidato chetu kina kina cha milimita 270. Gawa kwa mbili, ni 135 kutoka katikati ya fimbo hadi katikati ya nyingine. Toa unene wa fimbo, 16. Inabaki 119. Nikamtolea mpira wa makaratasi, akaushika, akauangalia, akaniangalia. Tatu kwa kidato zinatoa 90, toa 16, ni 74. Mpira haupiti hata ukisukumwa kwa goti. Nimeongeza shilingi 3,600 kwa chuma cha ziada.

Kwenye dari hakuna vidato vya kutuongoza. Uwazi wa milimita 3,200, nguzo tatu za 40, zinabaki sehemu mbili za 1,540. Fimbo 13 kila sehemu zinaacha nafasi 14 za milimita 95. Fundi huanzia upande mmoja na kupima kwa kipande cha mbao hadi afike mwisho, na nafasi ya mwisho ndiyo hubeba dhambi za zote. Nimemwandikia vipimo vyote kutoka mwanzo wa kila sehemu, si kutoka fimbo hadi fimbo: 95, 206, 317, na kuendelea. Kwa nini 95 na si 100? Chuma kikipata moto kinavuta. Zile milimita 5 ni za moto.

Jumamosi, 22 Februari

Kosa. Na ni langu.

Nguzo za kituo na za dari zimesimamishwa, ndefu, zimenyooka kwa timazi, milimita 1,100 kama mchoraji wa ramani alivyosema. Nilizipima mara mbili nikafurahi. Jioni nikiwa nachemsha chai nikakumbuka vigae. Sakafu bado ni zege. Inakuja plasta ya sakafu ya milimita 45, kisha gundi na kigae, milimita 12. Jumla 57. Siku ya kuhamia reli ya dari itakuwa 1,043 na mimi nitakuwa nimeweka sakafu juu ya usalama wa watoto wangu. Kwenye ngazi ni vivyo hivyo: zile milimita 900 za urefu wa reli kwenda juu zinapimwa kutoka pua (ukingo wa mbele) ya kidato kilichokamilika, si kutoka zege.

Fundi hakukasirika. "Mwalimu, hata wewe?" Ndiyo, hata mimi. Miguu itafunguliwa, ikatwe, iongezewe. Shilingi 6,000.

Jumamosi, 1 Machi

Wiki hii ilikuwa ya ukingo. Nguzo tatu za ngazi zilipangwa karibu sana na ukingo wa zege ili ngazi ibaki pana. Fundi alitoboa milimita 35 kutoka ukingoni, akaingiza bolti ya kutanuka, akakaza, na pale pale zege likabanduka kipande kama tonge la ugali. Bolti hiyo hushika kwa kusukuma zege pande zote. Ikiwa upande mmoja hauna kitu cha kusukuma, unaondoka.

Tumezisogeza ndani hadi milimita 90. Ngazi imepoteza upana kidogo, tonge limerudishwa kwa saruji, nami nimejifunza kwa kuchelewa kwamba siku ya kumwaga zege tungeacha vipande vya chuma vimezama ndani, nguzo zikaja kuchomelewa juu yake. Mwenye kujenga akisoma hapa kabla hajamwaga, aache vyuma.

Mchoraji amenikumbusha kwamba mwezi huu Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024 inachukua nafasi ya ile ya 1968. Ya 1968 ilikuwa imenizidi umri kwa miaka mingi.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imeanza. Kila alasiri wingu linapanda kutoka nyuma ya vilima vya Nandi, na saa kumi tunakimbilia ndani. Sasa ni zamu ya baraza.

Kwanza nimalize habari ya kioo, maana baba watoto hakuwa amekata tamaa. Alikuwa amebana hesabu: ndani chuma, baraza kioo, ili tuone ziwa tukiwa tumekaa. Wiki jana tulialikwa kwa rafiki yake Dunga, ambaye roshani yake ni kioo kitupu. Jioni ilikuwa nzuri sana. Taa zikawashwa. Kisha wadudu wa ziwani wakaja, wale wadogo wanaoinuka majini kama moshi, na kioo chote kikageuka kijivu. Asubuhi rafiki yake alikuwa na ndoo, ufagio wa maji na uso wa mtu anayefanya jambo hilo kila mara. Ukiwafuta wakavu wanaacha mchirizi wa kijani. Tuliporudi kwenye gari baba watoto alisema, "Mbao pia ni nzuri." Sikuongeza neno.

Mita za reli ya baraza nazo zimepungua. Wamarekani hudai kizuizi mahali ambapo baraza limeinuka zaidi ya inchi 30, sentimita 76. Upande wa jikoni tuko chini ya hapo. Nilitembea na kamba na pimamaji, nikaweka kigingi pale ardhi inapofikisha sentimita 60, kwa kuwa namjua mtoto wangu, na reli inaanzia hapo. Mita 6.5 badala ya 9.

Nguzo ni mkaratusi uliotiwa dawa, ndugu wa nguzo za umeme. Fimbo na mkono ni mvule, ambao mchwa huuogopa. Muuzaji anasema ulipitia Busia. Saiprasi ingekuwa nusu ya bei na ndani ya nyumba ningeikubali, lakini nje, kwenye jua hili na mvua hii, ingeniita fundi kila mwaka.

Mambo ya seremala niliyoyasimamia kwa macho yangu: kila nguzo imefungwa kwenye boriti kwa bolti mbili zinazopenya hadi upande wa pili, zenye zinki. Misumari hapana. Reli ya baraza huwa haivunjiki juu, hung'oka chini, mtu anapoegemea na mguu wa nguzo ukazunguka. Zinki ni kwa sababu ile dawa ya nguzo ina shaba, na shaba hula chuma kitupu. Mbao ya juu ina mteremko kidogo ili maji yaondoke. Ncha zote zilizokatwa zimenyweshwa mafuta kabla ya kufungwa, maana mbao hunywa maji kwa mdomo, si kwa mgongo. Vanishi nimeikataa. Inang'aa miezi sita, kisha inabanduka kama ngozi ya nyoka na unaanza kuikwangua kwa msasa. Mafuta hupakwa juu ya mafuta.

Moja lilinipita. Mvule ulikuwa haujakauka vizuri. Fimbo zimefungwa kwa nafasi ya 95, nami nikatulia.

Jumamosi, 29 Machi

Nafasi za baraza leo: 97, 98, na moja 99. Mbao imesinyaa. Mpira bado haupiti, lakini unaingia zaidi ya nilivyopenda. Seremala anaongeza fimbo moja katika sehemu mbili zenye nafasi kubwa zaidi, kwa gharama yake, kwa sababu ndiye aliyeniapia kwamba mbao imekauka. Tutapima tena mwezi wa sita.

Darini, reli iko tayari, 1,100 juu ya kigae, rangi nyeusi isiyong'aa. Nikapanda kuiangalia na kukuta kifungua mimba ameshaleta godoro na kitanda cha chini na kukisogeza hadi kwenye reli, ili asome akitazama sebule. Kitanda pamoja na godoro ni sentimita 45. Akisimama juu yake reli inamfika pajani. Vipimo vyote, hesabu zote, mpira wote, vimeshindwa na kitanda. Kimehamia ukuta wa pili na nimechora mstari sakafuni, mita moja kutoka kwenye reli. Hakuna samani inayovuka. Amesema nimezidisha. Pengine.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya kuegemea. Wamarekani wanataka reli ihimili ratili 200, kama kilo 90, mahali popote juu yake. Sina mashine. Nina mdogo wa baba watoto, aliyecheza raga, kilo 104. Aliegemea kila nguzo, kisha katikati ya kila sehemu, nami nikiwa nimelala chini natazama miguu ya nguzo kwa tochi. Ya ngazi haikutikisika. Ya dari ilitoa mlio mmoja, tukakuta bolti iliyokazwa nusu. Ya baraza ilicheza kidogo katika nguzo ya mwisho, ikaongezewa kipande cha kuegemeza.

Hesabu: chuma cha ndani 41,400, fimbo za ziada 3,600, mvule wa mikono yote miwili 27,000, baraza 58,000, rangi na mafuta 7,500, na zile 6,000 za kosa langu. Jumla 143,500. Zimebaki 36,500. Baba watoto ameuliza kama zinatosha kipande cha kioo. Zinatosha mita moja na nusu. Nimemwambia achague pa kukiweka, na aandike kwenye karatasi jina la atakayekiosha.

Mama amehamia jana. Usiku stima ilipotea, kama ada yake. Nilitoka na simu mkononi nimmulikie, nikamkuta tayari ameshuka, amesimama sakafuni, mkono bado umeshika ile ncha ya sentimita 30. Alikuwa anatafuta maji ya kunywa. Aliniambia nirudi kulala.

Kilichobaki ni kilango cha juu ya ngazi kwa ajili ya kitinda mimba. Kifunguke kuelekea ukumbini, kisifunguke juu ya vidato, na komeo likae upande wa nje. Fundi amepima, amechukua nusu ya pesa na ameahidi Jumatatu. Jumatatu ipi, hakusema.